Simu Iliyochukuliwa Msibani

Mimi ni mtu wa hasira, na nalisema hilo mapema ili msomaji asinionee huruma nisiyostahili. Nafundisha hesabu sekondari, Tabora mjini, na wanafunzi wangu wamenipa jina la utani ambalo wanadhani silijui. Hasira yangu huanzia masikioni, yanapata moto, kisha mdomo unafunguka kabla sijauruhusu. Miaka yote imeniponza mwenyewe. Siku tuliyomzika mjomba pale Kigwa ilimponza mtu mwingine.

Nianze na simu. Ilikuwa simu ya kawaida yenye kava jekundu, kioo kimepasuka kona ya chini. Tangu kipasuke, ule mchoro wa kufungulia ulikuwa haukubali, kidole kikifika kwenye ufa kinakwama, na mimi si mtu wa kubembelezana na kioo. Nikauondoa. Simu ikawa wazi kwa yeyote atakayeishika. Nilijiambia nitabadilisha kioo mwisho wa mwezi, mwezi ukaisha, ukaja mwingine.

Ndani ya simu hiyo kulikuwa na mwili wa mdogo wangu, na sina namna nyingine ya kulisema.

Mdogo wangu aliolewa Urambo na mkulima wa tumbaku, mtu wa kusalimia kwa adabu na kukaa viti vya mbele kanisani. Mume huyo alikuwa anampiga. Kila jioni aliikagua simu ya mke wake, kwa hiyo mdogo wangu alijipiga picha akiwa bafuni, akanitumia mimi, kisha akafuta za kwake. Mimi ndiye niliyemfundisha kuweka kiberiti pembeni ya jeraha ili ukubwa wake uonekane. Bega na kiberiti. Paja na kiberiti. Sikio lililochanika na kiberiti. Karibu zote zilikuwa za upande wa kulia, kwa sababu mume anatumia mkono wa kushoto. Kulikuwa pia na sauti alizonirekodia kwa kunong'ona, na katika moja alinieleza kwamba mumewe akimpiga humwambia maneno yale yale, taratibu, majirani wasisikie: ukilia naongeza.

Sauti ya mwisho aliituma siku chache kabla ya msiba. "Dada, Alhamisi anapeleka tumbaku kituoni, atashinda huko. Mimi na watoto tunapanda basi la saa nne. Usinipigie. Tutafika." Mume alikwisha kumwambia kwamba siku akijaribu kuondoka atamkata miguu, na alimwonyesha panga lenyewe, lile la kukatia kuni za bani, kibanda wanachokaushia tumbaku. Nilimwamini mdogo wangu kila neno, maana picha nilikuwa nazo.

Mjomba alifariki Jumamosi, tukazika Jumatatu. Mdogo wangu alifika na mumewe. Mume akaniinamia, akanipa shikamoo kwa mikono miwili, akanipa pole ya msiba. Nikaitikia marahaba, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kunawa mikono. Nilinawa mara mbili.

Kwetu Unyamwezi hatuziki bila watani. Wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kurudi, walipita kwa Wagogo, wakagombana nao juu ya maji, wakatozana, wakapigana, wakapatana, na mapatano yale yakageuka utani ambao umedumu hadi leo. Mgogo akifika kwenye msiba wa Mnyamwezi haruhusiwi kulia. Kazi yake ni kuleta fujo. Anamwiga marehemu, anatukana wafiwa na kuwaita watumwa wake, anachukua chochote anachokikuta, iwe sufuria, iwe kiatu cha mchungaji, na hakirudishi mpaka akombolewe kwa jogoo au kibuyu cha pombe. Aliyechukuliwa kitu haruhusiwi kukasirika. Kukasirikia mtani ni kosa kubwa kuliko kumchukulia mtu kitu chake.

Mtani wetu siku ile alikuwa mtu wa makamo, kibarua wa reli aliyehamia Kigwa zamani na kuzoeana sana na mjomba. Alivaa koti la marehemu, akawa anachechemea kama yeye, akawa anakohoa kama yeye na kumlaumu mama mkubwa kwamba uji hauna chumvi. Kaburi lilipokamilika akashuka ndani, akalala, akasema amechoka, nyumba hii imemfaa, mwenye jeneza atafute kwingine. Mama mkubwa, dada yake marehemu, akamtoa kwa kibuyu cha pombe. Watu walicheka machozi yakiwatoka. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Naandika hili ili ijulikane kwamba nilimwona mtu yule kwa karibu, na nilijua ni nani na amekuja kufanya nini.

Tulipotoka makaburini niliingia chumbani kwa mama mkubwa, ambako niliacha simu ikichaji kwenye umeme wa jua. Nilikuta waya peke yake.

Hapa ndipo ninapojishangaa. Nusu saa tu ilikuwa imepita tangu nicheke. Mtu yeyote wa pale kijijini angekuta waya mtupu angetabasamu na kuuliza mtani yuko wapi. Mimi nimekaa mjini miaka mingi, na mjini simu ikipotea imeibwa, basi. Tena sikuwa nawaza simu. Nilikuwa nawaza kiberiti, sikio, na ile sauti ya Alhamisi. Nikaazima kitochi cha mama mkubwa, simu yake ndogo ya vitufe, nikapiga namba yangu. Ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa tena. Mtu alikuwa ameishika, na alikuwa anaiangalia.

Mdogo wangu alikuwa jikoni akipakua wali. Nilimvuta pembeni. Sikuwa na haja ya kueleza mengi, aliniona usoni.

"Ilikuwa na loki?" akauliza.

Nikatikisa kichwa. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Aliweka mwiko chini polepole, akafuta mikono kwenye kanga, akaniuliza mumewe yuko wapi. Hakuwa uani wala chini ya turubai. Mtoto wa jirani alisema ameonekana akielekea stesheni kuulizia treni.

"Basi Alhamisi imekwisha," mdogo wangu akasema. Nikatoka mbio.

Stesheni ya Kigwa haiko mbali na kwa mjomba. Watu walikuwa wamejaa wakisubiri treni, wageni watupu, wauza asali na madumu yao, wauza karanga, abiria na mabegi. Hakuna hata mmoja aliyetoka msibani kwetu. Nilipokata kona ya ghala nikamwona mtani, bado na koti la mjomba, amesimama mbele ya shemeji yangu. Kava jekundu liko mkononi mwake. Kidole gumba kinachezea kioo.

Nilielewa yote kwa mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Nilielewa kwamba ni mtani. Nilielewa pia kwa nini amemfuata huyu na si mwingine: mkwe ndiye anayebebeshwa mzigo wa kukomboa vitu vya ukweni, ndivyo ilivyo siku zote. Mtani alikuwa anamtania mkwe wetu, komboa simu ya shemeji yako, bahili wewe. Shemeji alikuwa anacheka, amenyoosha mkono wa kushoto apewe.

Neno la kusema nilikuwa nalo. Ningesema, mtani, jogoo wako yupo, niletee mimi. Wangecheka wote, na katika kicheko kile simu ingeingia kwenye mkono ulionyooshwa, na mwenye mkono angeiangalia kidogo kabla ya kunipa, kama alivyozoea kuangalia simu za wanawake. Nilihitaji neno la kuuzuia mkono ule saa ile ile. Masikio yakawaka moto.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Mwizi wa simu, huyo mwenye koti!"

Wa kwanza kumpiga alikuwa muuza asali. Alimpiga kofi la shingo, na mtani alicheka. Alidhani ni sehemu ya mchezo. Aliinyanyua simu juu ili isifikiwe, kama mtu anayenyima watoto pipi, akageuka kunitazama, na alikuwa bado anatabasamu aliponiona. Halafu mtu alimpiga teke la nyuma ya goti. Akaanguka, na hapo sikumwona tena isipokuwa vipande vipande kati ya miguu ya watu.

Niliona kisigino kikishuka. Niliona mnyororo wa baiskeli ukienda juu na kurudi umelowa. Nilisikia nusu tofali likipiga mfupa, na sauti hiyo haifanani na nyingine yoyote, wala sitaki kuifananisha. Alikuwa anasema "mtani, mimi mtani", lakini mdomo ulikwisha jaa damu na maneno yalitoka yamevimba. Koti la mjomba likachanwa mgongoni toka kola hadi pindo. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alisogea, akamkanyaga vidole, akarudi kukaa juu ya begi lake. Mtu aliuliza petroli iko wapi. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia chumvi dukani.

Shemeji yangu alikuwa katikati yao. Wengine walipiga hovyo, wanapiga na kukimbia. Yeye alipiga kwa kazi. Alimshika mtani kola kwa mkono wa kulia, akawa anampiga kwa kushoto, ngumi fupi fupi, zote upande mmoja wa uso, anangoja kidogo, anapiga tena. Mtani akalia kwa uchungu, na nikamsikia shemeji akimwambia taratibu, karibu na sikio: "Ukilia naongeza."

Miezi yote ile nilikuwa nikiangalia picha nikijaribu kukisia mkono ule unavyofanya kazi. Sasa nilikuwa nauona hatua tatu mbele yangu. Najua ungependa kusoma kwamba nilimrukia. Nilikuwa nimeinama, natafuta simu. Watu wanamuua mtu kwa neno langu, na mimi natazama chini kati ya viatu vyao kama kava jekundu linaonekana.

Aliyemwokoa ni mama mkubwa. Alifika kitambaa kimemtoka kichwani, mguu mmoja hauna kiatu, akapenya na kujilaza juu ya mtani kifudifudi, mwili wake wote. Alikuwa anapiga kelele kwa Kinyamwezi kwamba huyu ni mtani wa msiba, kwamba wameua mtani wa watu. Nusu ya wale wageni hawakuelewa lugha, ila hakuna aliyethubutu kupiga bibi kizee aliyevaa nguo za msiba. Mikono ikashuka. Watu wa kwetu wakawa wamefika. Wale wageni wakaanza kutazama reli, kama treni ndiyo inayokuja.

Shemeji akanijia akitweta. Alikuwa na simu yangu. Aliifuta damu kwenye shati lake, mbele na nyuma, kwa uangalifu, akanipa kwa mikono miwili.

"Pole shemeji. Simu yako hii."

Hakuwa ameifungua. Hakuwa na muda, alikuwa na kazi nyingine. Nikapokea, nikamwambia asante. Katika yote niliyosema siku ile, hata lile neno la kwanza, asante hiyo ndiyo inayonichoma zaidi.

Mtani alipelekwa hospitali ya Kitete, Tabora mjini. Jumatano nikaenda kumwona wodini. Taya lilikuwa limefungwa, mbavu zimefungwa, na jicho la kulia madaktari walisema halitaona tena. La kushoto likanitambua. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilitamani nitukanwe. Alifungua meno kidogo, akasema kwa shida: "Mtumwa wangu, jogoo wangu yuko wapi?"

Mtani hakasiriki, ndiyo sheria. Yeye aliishika hata pale kitandani, na mimi niliivunja nikiwa mzima. Nikatoka nje ya wodi nikalia kwa hasira, hasira juu yangu mwenyewe, ambayo sikuwa na uzoefu nayo.

Alhamisi, jua likiwa utosini, mdogo wangu, aliyekuwa amerudi Urambo na mumewe baada ya mazishi, alishuka stendi ya Tabora na watoto wawili na mfuko mmoja wa nguo. Miguu yake yote miwili ilikuwepo. Nilimkumbatia nikaiangalia miguu ile kwa muda mrefu, na sitaki kusema uongo, nilifurahi. Nilifurahi huku nikijua imelipiwa na nani.

Jumamosi nilipeleka jogoo nyumbani kwa mtani, Kigwa. Mkewe alinipokea mlangoni. Mkewe ni Muha, si mtani wangu, kwa hiyo hana sheria ya kufuata. Alimfungua jogoo kamba miguuni, akamwachia, tukamwangalia wote wawili akienda zake kuelekea relini. Kisha akatoa simu yake, akanionyesha video. Abiria mmoja aliyesimama karibu nao stesheni alikuwa ndiyo kwanza amewasha simu arekodi vituko vya mtani, na video imezunguka Kigwa nzima, imefika Tabora, imefika Dodoma kwa wazazi wa mtani. "Umeiona hii?" akauliza. Nikasema sijaiona. Akanitumia palepale, akaingia ndani na kufunga mlango.

Niliogopa picha za mdogo wangu zisije zikaenea, hazikuenea hata moja. Zilizoenea ni za mtu aliyekuja kutuchekesha msibani, damu ikimtoka puani, kwenye simu za watu ambao hata jina lake hawalijui. Na video ile inaanza na sauti ya mwanamke. Yeye haonekani, anasikika tu, sauti kali ya mwalimu: mwizi, mwizi wa simu. Wanafunzi wangu wangeitambua kabla neno halijaisha.

Wiki iliyofuata nilibadilisha kioo. Nikaweka namba sita za kufungulia. Halafu nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Niliikata video ile mwanzoni, sekunde chache tu, nikaihifadhi upya. Sasa zilikuwa mbili, moja yenye sauti yangu na moja inayoanza muuza asali akiwa amekwisha nyanyua mkono. Mdogo wangu alikuwa amelala chumba cha pili na watoto. Picha zake zilikuwa bado humo, ila kwa mara ya kwanza simu hiyo ilinitia hofu kwa ajili yangu mwenyewe.

Shemeji alikuja mjini kudai watoto. Alikuja na mzee wa kanisa na shati jeupe. Akasema mkewe alianguka kwenye ngazi za bani akipanga tumbaku, zaidi ya mara moja, ni mtu wa kuanguka. Tukaenda polisi, dawati la jinsia, mdogo wangu na mimi. Afisa alikuwa mama mtulivu mwenye miwani. Alizipitia picha zote bila haraka, akauliza kiberiti ni cha nini, nikamweleza, akasema ni kazi nzuri. Kisha akavua miwani. Alisema majeraha anayaona vizuri, ila mkono hauonekani. Mume atasema ngazi. Je, kuna mahali popote mtu huyu ameonekana akipiga mtu?

Mdogo wangu akasema ipo video ya Kigwa, anasikia watu wakiisema, yeye hakuwa na moyo wa kuiangalia. Akanigeukia. Nikatoa simu, nikafungua ile niliyoikata.

Afisa aliiangalia akiwa ameisogeza karibu na uso. Mdogo wangu aliiangalia kwa ubavuni. Mkono wa kushoto ukaonekana, kola ikaonekana, na maneno yale yakasikika, ukilia naongeza. Mdogo wangu akashika ukingo wa meza. "Ndiyo," akasema, "hivyo hivyo." Afisa akairudisha nyuma, akaicheza tena, akairudisha tena.

"Imeanzia katikati," akasema. "Walimkamatia nini huyu mzee? Mwanzo wake haupo?"

Mdogo wangu alinitazama. Hakuwa anajua, ila ananijua mimi, anajua masikio yangu yakianza kuwaka yanafananaje. Alikuwa amefika pale na miguu yake miwili na angeridhika na jibu lolote ambalo ningetoa.

"Upo," nikasema.

Nikaichukua simu. Ilikuwa imejifunga, nikaandika zile namba sita, nikakosea, nikaandika tena. Nikafungua ile nyingine, nikaongeza sauti hadi mwisho, nikaiweka mezani katikati yetu watatu. Sauti ile ikajaza chumba, hata aliyekuwa korido akachungulia.

Afisa alichukua kalamu. "Huyu mwanamke anayepiga kelele," akauliza, "mnamfahamu?"

"Ni mimi," nikasema. "Na nilijua kwamba si mwizi. Andika na hilo."